Maoni ya Watumiaji Kwenye Nyaraka za Programu Huria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watunzaji wa miradi ya programu huria ambao tayari wana tovuti ya nyaraka na sasa wanafikiria kuwaruhusu wasomaji kuandika maoni chini ya kila ukurasa. Ni vyema msimamo wa mwandishi ujulikane mapema: maoni ni malighafi ya kuboreshea nyaraka, na mradi usio na mtu wa kuyasoma kila juma afadhali usiyafungue kabisa.

Nyaraka zina waandishi wake. Maoni ya wasomaji yataongeza nini?

Mwandishi wa nyaraka anaijua programu kutoka ndani, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Anaeleza kazi ya kila kigezo kwa usahihi, lakini hajawahi kuiendesha programu hiyo kwenye seva ya kukodi ya bei nafuu, au kwenye kompyuta yenye toleo la zamani la mfumo endeshi, au mahali ambapo umeme hukatika katikati ya usakinishaji. Msomaji amefika huko, amekwama, amejikwamua, na yuko tayari kuwaeleza wengine kwa sentensi tatu.

Mfano unaofahamika kuliko yote ni mwongozo wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Chini ya maelezo rasmi ya funksheni kuna sehemu ya madokezo yaliyoandikwa na watumiaji, na si watengeneza tovuti wachache waliozoea kuyaruka maelezo rasmi na kushuka moja kwa moja kwenye madokezo, kwa kuwa huko ndiko walikopata mfano unaofanana na shida yao. WordPress nayo ina utaratibu wa aina hiyo katika marejeo ya msimbo wake kwa ajili ya watengenezaji programu.

Je, kila mradi unafaa kuweka maoni?

Hapana. PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, iliwahi kuwa na maoni ya wasomaji kwenye kurasa za nyaraka zake, kisha ikayaondoa. Leo chini ya ukurasa msomaji anakuta kiungo cha fomu ya kupeleka marekebisho, na anachokiandika hakitokei hadharani chini ya ukurasa huo. Kinakwenda kwa wanaoshughulikia nyaraka, nao wakikubaliana naye wanarekebisha maandishi yenyewe. Kwa mradi ambao nyaraka zake zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa na zina wahariri makini, njia hiyo inatosha, na kwa maoni yangu ni bora zaidi.

Kabla ya kuamua, andika kwenye karatasi jina la mtu atakayeyasoma maoni, siku ya juma atakayoyasoma, na jina la atakayeshika nafasi yake akiwa safarini au akiugua. Ukishindwa kujaza nafasi hizo tatu, weka fomu ya marekebisho pamoja na kiungo cha kuhariri ukurasa kwenye hazina ya msimbo, na uishie hapo.

Basi kwa nini tusiwaachie wasomaji waandike nyaraka zote wenyewe?

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengenezaji programu, ilijaribu jambo linalokaribiana na hilo. Mwaka 2016 ilifungua sehemu ya nyaraka ambazo zingeandikwa na watumiaji wake, zikijengwa juu ya mifano, na Agosti 2017 ikaifunga. Swali lina mwenyewe, yaani mtu aliyekwama na anayesubiri jibu, ilhali ukurasa wa nyaraka unahitaji mtu wa kuutunza hata siku ambayo hakuna anayelalamika. Maoni hayaondoi haja ya mtunzaji. Yanampa kazi zaidi, ingawa ni kazi yenye faida.

Maoni yana tofauti gani na ripoti ya hitilafu au swali la kuomba msaada?

Maoni yanayofaa kubaki chini ya ukurasa ni yale yatakayomsaidia msomaji mwingine atakayefika mwaka ujao bila kujua lolote kuhusu aliyeyaandika: mfano unaofanya kazi, tahadhari, au tofauti ya mazingira. Ripoti ya hitilafu humhusu mtengenezaji, na ikisharekebishwa haina tena haja ya kusomwa. Swali la kuomba msaada humhusu muulizaji peke yake, na likikaa bila jibu miaka miwili linaufanya mradi mzima uonekane kama nyumba iliyohamwa.

PHP imeliweka jambo hili wazi kwenye ukurasa wa kuandikia dokezo: ripoti za hitilafu, maswali ya msaada, na marejeo ya madokezo mengine hayatakiwi, na yakiletwa yanaweza kufutwa. Katazo hilo la mwisho huwashangaza watu, lakini lina mantiki. Dokezo linalosema “aliyeandika hapo juu amekosea” hupoteza maana mara tu lile la juu linapofutwa au mpangilio unapobadilika, na msomaji hubaki akitafuta ni nani aliyekosea. Weka maagizo ya namna hiyo juu ya kisanduku cha kuandikia, kwa sentensi mbili au tatu, pamoja na viungo vya mahali pa kupeleka hitilafu na maswali. Maagizo yaliyofichwa kwenye ukurasa wa kanuni hayasomwi na mtu.

Tovuti yetu ni ya kurasa tuli. Maoni yatahifadhiwa wapi?

Hili ndilo swali linalokwamisha wengi, kwa sababu nyaraka nyingi siku hizi hutengenezwa kwa zana kama Sphinx, MkDocs, Hugo au Docusaurus, ambazo hutoa mafaili ya HTML yasiyo na hifadhidata nyuma yake. Ili maoni yawepo, lazima kiwepo kitu cha kuyapokea na kuyatunza, na njia zilizopo zinatofautiana zaidi katika suala la nani anayeyamiliki kuliko katika ufundi.

Njia ya kwanza ni kuyaweka kwa kampuni ya nje kama Disqus. Usakinishaji wake ni kubandika kipande kifupi cha JavaScript, na kazi imekwisha. Gharama yake huonekana baadaye: matangazo katika huduma ya bure, na ufuatiliaji wa wasomaji ambao wengi wao hawakuandika hata neno moja. Mwezi Mei 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Norway ilitangaza kusudio la kuitoza Disqus faini ya kroni milioni 25 kwa sababu ya ufuatiliaji wa aina hiyo. Kwa mradi wa programu huria, ambao wasomaji wake wengi wanazijali haki za mtumiaji, sioni namna ya kuitetea njia hii.

Njia ya pili ni kutumia mahali ambapo msimbo wako tayari unakaa. Utterances huhifadhi maoni kama tiketi za hitilafu za GitHub, na giscus huyahifadhi katika sehemu ya mijadala ya GitHub. Hakuna hifadhidata ya kutunza, arifa zinawafikia watunzaji kule kule wanakofanyia kazi, na maoni yanaweza kujibiwa kwa mtiririko. Upungufu ni kwamba msomaji lazima awe na akaunti ya GitHub. Kwa maktaba inayotumiwa na watengenezaji programu, hicho si kikwazo. Kwa programu ya uhasibu inayotumiwa na makarani wa duka la jumla, umewafungia mlango watu wale wale uliotaka kuwasikia.

Njia ya tatu ni kuendesha seva yako mwenyewe. Isso imeandikwa kwa Python, huhifadhi maoni katika SQLite, na humruhusu mtu kuandika bila akaunti. Remark42 imeandikwa kwa Go. Zote mbili ni nyepesi na zinaweza kukaa kwenye seva ndogo kabisa, lakini kuanzia siku hiyo una seva ya kuisasisha, nakala za akiba za kuchukua, na usiku mmoja wa kuamshwa kwa sababu diski imejaa. Mradi ambao tayari una jukwaa la Discourse unaweza kupachika mazungumzo ya jukwaa hilo chini ya kurasa, na hapo huongezi kitu kipya cha kutunza.

Ushauri wangu kwa mradi mdogo wa watengenezaji programu ni giscus. Kwa mradi wenye watumiaji wa kawaida ni Isso, mradi tu yupo mtu anayeijua seva. Njia yoyote utakayoichagua, jaribu kuyatoa maoni yote kwenye faili moja kabla hujaitangaza huduma. Ikiwa huwezi kuyatoa, si yako.

Nini kitatokea anwani ya ukurasa ikibadilika?

Maoni yatapotea machoni pa wasomaji, ingawa bado yamo kwenye hifadhi. Mifumo mingi huyafunga maoni kwenye njia ya ukurasa au kwenye kichwa chake. Giscus hukuruhusu kuchagua kati ya hivyo, na kichwa ndicho chaguo baya, kwa kuwa mhariri anayebadilisha “Usakinishaji” kuwa “Kusakinisha” hadhani hata kidogo kwamba amevunja kitu. Bora zaidi ni kuupa kila ukurasa kitambulisho kisichobadilika, kilichoandikwa juu kabisa kwenye faili lake la chanzo, na kuyafunga maoni kwenye kitambulisho hicho, hata faili likihamishiwa folda nyingine.

Tufanye nini na maoni ya zamani yanayopotosha?

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo watu hulifikiria mwisho. Matangazo taka huudhi, lakini msomaji huyatambua. Ushauri uliokuwa sahihi zamani na sasa si sahihi humdanganya msomaji kwa sauti ya mtu anayejua.

Chukua funksheni ya `in_array` katika PHP, ambayo hukagua kama kitu fulani kimo ndani ya orodha. Hadi toleo la 7, ukiuliza kama neno `"abc"` limo ndani ya orodha yenye namba `0` peke yake, ulijibiwa ndiyo, kwa kuwa neno hilo liligeuzwa kwanza kuwa namba, nalo likawa 0, ndipo likalinganishwa. Dokezo lililoonya juu ya mtego huo lilikuwa na thamani kubwa, na aliyelisoma aliokoa siku nzima ya kutafuta kosa. Toleo la 8, lililotoka Novemba 2020, lilibadilisha kanuni ya kulinganisha maneno na namba, na sasa jibu ni hapana. Msomaji wa leo anayekutana na onyo la zamani lisilotaja toleo atajaribu mfano, ataona matokeo tofauti, na hatajua kama amekosea yeye, dokezo, au mwongozo.

Kwa hiyo kisanduku cha maoni kiwe na sehemu ya kujaza toleo la programu, na ikiwezekana ijazwe yenyewe kulingana na toleo la nyaraka ambalo msomaji amelifungua. Toleo na tarehe vionekane kando ya jina la mwandishi, kwa herufi zinazosomeka. Baadhi ya miradi huanza na ukurasa mtupu wa maoni kwa kila toleo jipya. Mimi sishauri hivyo kwa mradi mdogo, kwa sababu maoni machache yaliyopo yatagawanyika na kila toleo litaonekana halina wasomaji. Yaache pamoja, yawe na lebo ya toleo, na toleo kubwa linapotoka mtu akae nayo saa chache, aondoe yaliyopitwa na wakati.

Kura za wasomaji hazitoshi kuyachuja?

Husaidia kupanga, lakini hazithibitishi ukweli. Msomaji hupigia kura kile kilichomwondolea kosa mbele ya macho yake.

Tuseme ukurasa wa usakinishaji una maoni ya mtu aliyekutana na kosa la kunyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya tovuti, naye anashauri amri ya `chmod -R 777 /var/www`. Kila atakayeiendesha ataona kosa limetoweka, atashukuru, na atapiga kura. Amri hiyo imempa kila mtumiaji wa seva ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha kila faili lililomo humo, likiwemo lile lenye nenosiri la hifadhidata. Dawa halisi ilikuwa kulifanya folda lililohitaji kuandikwa liwe mali ya mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti, ambaye kwenye Debian na Ubuntu huitwa `www-data`. Lakini maelezo hayo ni marefu, na jibu refu halishindani vizuri na mstari mmoja unaofanya kazi papo hapo.

Mhakiki akikutana na ushauri kama huo asiufute kimya kimya, kwa kuwa mwingine atauandika tena juma lijalo. Auondoe, aweke jibu sahihi mahali pake, kisha aongeze aya kwenye ukurasa wenyewe inayoeleza kosa hilo. Kura nyingi kwenye ushauri mbaya zina habari moja ya kweli ndani yake: watu wengi wamekwama hapo na nyaraka hazikuwasaidia.

Tutajikinga vipi na matangazo taka?

Maoni ya kwanza ya kila mwandishi yasubiri idhini, na baada ya hapo aachwe aandike kwa uhuru. Ongeza kwenye fomu sehemu moja iliyofichwa ambayo binadamu haioni lakini roboti huijaza. Mbinu hii ni ya kale na bado inanasa wengi. Viungo ndani ya maoni vipewe alama ya `nofollow`, ambayo Google na wenzake waliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya tatizo hili hili, au ile ya `ugc` iliyoongezwa mwaka 2019, ili mtumaji asipate faida kwenye injini za utafutaji. Na jihadhari na sifa. “Makala nzuri sana, nimejifunza mengi” bila kutaja lolote lililomo kwenye ukurasa, huku jina la mwandishi likiwa kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya kamari, ni tangazo lililovaa kanzu.

Kuna hatari gani ya kiusalama?

Maoni ni maandishi ya mtu usiyemjua yanayoonyeshwa chini ya jina la tovuti yako. Usipoyasafisha kwenye seva, mtu anaweza kuingiza JavaScript itakayoendeshwa kwenye kivinjari cha kila msomaji. Ruhusu alama chache za uandishi, kama msimbo, herufi nzito na viungo, na ukatae zilizobaki.

Maoni yatakuwa chini ya leseni gani?

Chini ya leseni ile ile ya nyaraka, na mwandishi aelezwe hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Usipofanya hivyo, hati miliki ya kila maoni inabaki kwa aliyeyaandika, na siku utakapotaka kuhamishia mfano wake mzuri kwenye ukurasa rasmi utalazimika kumtafuta mtu ambaye barua pepe yake haifanyi kazi tena.

Uangalifu unahitajika pia pale msomaji anapobandika kitu alichokiokota kwingine. Majibu ya Stack Overflow yako chini ya leseni za CC BY-SA, zinazodai kwamba kazi inayotokana nayo itolewe chini ya masharti hayo hayo. Mwongozo wa PHP uko chini ya CC BY, isiyo na sharti hilo. Maandishi hayawezi kutoka upande wa kwanza kwenda upande wa pili kwa sababu tu kwamba yote mawili ni huria.

Sheria za faragha zinatuhusu?

Zinawahusu, kwa kuwa jina, barua pepe na anwani ya IP ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huo huo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wasomaji wa Umoja wa Ulaya wanalindwa na kanuni ya ulinzi wa data (GDPR) iliyoanza kutumika Mei 2018. Njia nyepesi ya kuzitii ni kukusanya kidogo: barua pepe iwe ya hiari, anwani za IP zifutwe baada ya muda mfupi, na pawepo mahali pa kuomba maoni yafutwe.

Wasomaji wetu wengi wanatumia simu na bando. Maoni hayataongeza uzito wa ukurasa?

Yataongeza, ila mna uwezo wa kuamua lini. Yapakuliwe pale tu msomaji anaposhuka hadi chini, au, bora zaidi, anapobonyeza kitufe kinachoonyesha idadi ya maoni yaliyopo. Kuna njia nyingine ambayo haikumbukwi siku hizi: kuyachapisha maoni yaliyoidhinishwa ndani ya HTML yenyewe kila tovuti inapojengwa upya, bila JavaScript. Mwongozo wa PHP uliwahi kutolewa kama faili moja la kupakua likiwa na madokezo ya watumiaji ndani yake, na mtu aliweza kuyasoma yote kwenye kompyuta isiyo na intaneti.

Je, tupokee maoni kwa Kiswahili wakati nyaraka zetu ni za Kiingereza?

PHP hutaka madokezo yote yaandikwe kwa Kiingereza, na sababu yake inaeleweka: mhakiki hawezi kuidhinisha asichokisoma. Lakini kama kwenye timu yenu yupo msomaji hata mmoja wa Kiswahili, pokeeni. Mtu aliyekwama hueleza mkwamo wake vizuri zaidi kwa lugha anayoitumia kufikiri, na maelezo yake yanaweza kufasiriwa baadaye yakishaingizwa kwenye nyaraka. Wekeni lebo ya lugha, wala msitumie mashine kuyafasiri bila mtu kuyapitia, kwa kuwa amri na majina ya mafaili huharibika humo.

Maoni yawe chini ya ukurasa au kando ya kila aya?

Kitabu cha Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, kilipokuwa kikiandikwa hadharani mwaka 2006 na 2007, wasomaji waliweza kuweka maoni kwenye aya moja moja, na waandishi walipata masahihisho mahali hasa panapohusika. Sphinx nayo, katika toleo la 1.1 la mwaka 2011, ilileta kifurushi cha kuwezesha jambo hilo, chenye hesabu ya kupima kiasi ambacho aya imebadilika ili maoni yasipoteze aya yao baada ya uhariri. Baadaye kifurushi hicho kilitenganishwa na programu kuu. Kwa rasimu inayohakikiwa kwa miezi michache, aya kwa aya ni bora. Kwa nyaraka zinazoishi miaka mingi na kuhaririwa kila mara, chini ya ukurasa panatosha.

Maoni yakishafika, kazi inaendaje?

Mtunzaji aliyepewa zamu hufungua maoni mapya na kuamua moja kati ya mambo manne: kufuta, kuelekeza kwingine, kuacha, au kumeza. Neno kumeza ndilo ninalolipenda hapa. Maana yake ni kuchukua kilichosemwa, kukiandika upya ndani ya ukurasa kwa sauti ya nyaraka, kumtaja aliyekileta kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, kisha kuyaondoa maoni yenyewe. Ukurasa wenye maoni matano leo na mawili mwezi ujao, huku maelezo yake yakiwa yameongezeka aya moja, unatunzwa.

Mtu ambaye maoni yake yamemezwa aandikiwe. Ujumbe wa mstari mmoja wenye kiungo cha ukurasa uliorekebishwa unatosha, na baadhi ya wanaoupata hurudi na marekebisho kamili waliyoyaandika wenyewe.

Na tukiamua kuyafunga baadaye?

Tangazeni tarehe mapema, zuieni maoni mapya, kisha pitieni yaliyopo kuanzia kwenye kurasa zinazosomwa zaidi na kumeza yanayofaa. Yanayobaki yahifadhiwe kama kurasa tuli zenye tarehe ya kufungwa iliyoandikwa juu kabisa, na mahali palipokuwa na kisanduku pawekwe kiungo cha fomu ya marekebisho siku ile ile, asipite msomaji hata mmoja akakuta ukuta mtupu.